Mguu Uliokaza Haujafa

Mazungumzo yetu jioni hii ni juu ya mguu. Si mguu uliovunjika kwa ajali ya pikipiki, wala mguu uliovimba kwa ugonjwa wa moyo. Ni mguu wa mtu aliyepigwa na kiharusi, ugonjwa ambao hapa Kalemie wengi tunauita AVC, kwa herufi zake za Kifaransa. Mnamjua mtu huyo. Mkono umejikunja kifuani kama wa mtu aliyebeba mtoto, goti limenyooka halitaki kukunjika, ncha ya mguu inatazama chini na ndani, na kila anapotaka kupiga hatua mguu unazungukia nje ukifagia vumbi. Ndani ya lupango, uani kwa familia, watu wananong'ona: mguu umekufa. Hoja yangu ni kwamba haukufa. Ungekuwa umekufa, usingekaza hivyo. Na ikiwa haukufa, basi tiba yake kubwa si kuusugua kwa mafuta huku mwenyewe amelazwa mkekani. Tiba yake ni kurudishwa kazini, hatua baada ya hatua, chini ya jicho la mtu anayejua. Nitaeleza kwa nini, kisha nitawajibu wanaopinga, maana nao wana sababu zao.

Tuanze na nyundo. Mtaalamu wa kine, yaani wa tiba ya mazoezi ya viungo, anamkalisha mgonjwa ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia, halafu anagonga kwa nyundo ndogo ya mpira chini kidogo ya pia ya goti. Mguu unaruka mbele wenyewe, bila mwenye mguu kuamua. Mwaka 1875 madaktari wawili wa Ujerumani, Wilhelm Erb na Carl Westphal, kila mmoja kivyake, waliandika juu ya kuruka huko, na hadi leo hakuna kipimo cha bei nafuu kuliko hicho. Kano inapogongwa, msuli wa paja unavutwa kwa ghafla. Ndani ya msuli mna vihisio vinavyopeleka habari mpaka kwenye neva zilizo ndani ya uti wa mgongo, na palepale jibu linarudi: jikaze. Habari haikungoja kupanda mpaka ubongoni. Mwitikio huo wa ghafla ndio madaktari wetu wanauita refleksi. Mguu wenye afya unaruka kidogo na kutulia. Mguu wa mtu aliyepigwa na AVC wiki kadhaa zilizopita unaruka kwa nguvu zaidi kuliko ule wake wa pili. Na ukiusukuma unyayo wake juu kwa ghafla, kifundo kinaweza kuanza kutetemeka, tiki-tiki-tiki, kama sindano ya cherehani. Mguu unaofanya hivyo unasikia, na unajibu. Shida yake ni kwamba unajibu kupita kiasi, na unajibu pasipo kuulizwa.

Kwa nini? Sisi watu wa Kalemie tunaweza kuelewa upesi, kwa sababu mji wetu umekua pamoja na reli. Fikirini njia inayotoka hapa ikipitia Nyunzu kwenda Kabalo. Kila stesheni ina shefu wake, ina watu wake, inajua kazi yake. Lakini garimoshi lipi litangulie na lipi lingoje, hilo linaamuliwa mbali, na sehemu kubwa ya amri zinazotoka huko ni za kuzuia: subiri, punguza, usiachilie bado. Sasa tuseme mawasiliano yamekatika. Siku za kwanza stesheni inashikwa na bumbuazi, hakuna kinachotembea. Baadaye watu wa pale wanaanza kuachilia magari kwa akili yao, yote kwa pamoja, kila wanaposikia kelele kidogo. Ndivyo inavyokuwa kwa misuli. Mshipa wa damu unapoziba au kuvuja ubongoni, njia inayoteremsha amri inaharibika. Siku za mwanzo mguu unalegea kama kitambaa kilicholowa, na refleksi zinaweza kupotea. Siku na wiki zinapopita, neva za uti wa mgongo zinaamka bila msimamizi, na ule mwitikio mdogo uliokuwa umefungwa breki unakuwa mkali. Familia inayoona mguu uliolegea umeanza kukaza hudhani ugonjwa umegeuka mwingine. Ni ugonjwa uleule, umeingia sura yake ya pili.

Haya si ya kubuni. Mwaka 1898 mwanasayansi wa Uingereza, Charles Sherrington, ambaye mwaka 1932 alishiriki Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya neva, alieleza alichokiona kwa paka aliowakata njia inayotoka sehemu ya juu ya ubongo. Miguu yao haikulegea. Ilinyooka na kukakamaa kama nguzo, kiasi kwamba ukimsimamisha paka huyo anasimama kama meza. Anasimama, lakini hatembei. Picha hiyo inastahili kukaa kichwani mwa kila anayemuuguza mgonjwa wa AVC. Inatufundisha mambo mawili kwa mpigo. La kwanza, kukaza ni kazi ya sehemu za chini zilizoachwa bila mkubwa wao, si kifo cha msuli. La pili, kukaza si nguvu. Msuli unaweza kuwa mgumu kama ubao na bado ukashindwa kuinua ncha ya mguu ipite juu ya kizingiti.

Tazameni sasa hatua moja kwa karibu. Katika mguu, misuli inayonyoosha ndiyo inayoelekea kushinda: ya mbele ya paja na ya shavu la mguu. Goti likigoma kukunjika na kisigino kikivutwa juu, mguu huo unakuwa kana kwamba umerefuka kuliko mwenzake. Hauwezi kupita moja kwa moja. Lazima uzungushwe kwa nje, na ndipo mtu anapofagia. Kisha, unyayo unapogusa ardhi, msuli wa shavu unavutwa ghafla, refleksi inaamka, kisigino kinaruka, goti linasukumwa nyuma. Msuli huu unachukia kasi. Ukiuvuta haraka unapambana nawe; ukiunyoosha taratibu, kwa pumzi ndefu, mara nyingi unakubali. Kwa hiyo mtoto wa nyumbani anayeushika mguu wa babu na kuuvuta kwa nguvu ili "ufunguke" anamwamsha adui anayetaka kumlaza. Na mgonjwa anayeharakishwa kupanda mlima wetu kutoka sokoni, huku watu wanapita na pikipiki zinapiga honi, atakaza zaidi kuliko akitembea taratibu penye utulivu.

Wapo watakaoniambia: wewe unazungumza neva, lakini mtu alilala mzima akaamka upande mmoja umekatika, kwa nini upande mmoja tu, kama si mkono wa mtu? Swali hilo si la kuchekwa, kwa sababu linataka maelezo, na maelezo yapo. Njia za amri kutoka ubongoni, sehemu yake kubwa, huvuka kwenda upande wa pili pale ubongo unapokutana na uti wa mgongo. Mshipa wa damu ukiziba upande wa kushoto wa ubongo, mwili unashindwa upande wa kulia. Na kwa kuwa kwa watu wengi maneno nayo yanapangwa upande huo wa kushoto, mara nyingi aliyepooza kulia hupotewa na maneno pia. Zaidi ya hapo kuna ishara ambayo Joseph Babinski aliieleza mjini Paris mwaka 1896. Mkwaruze mtu mzima mwenye afya chini ya unyayo, toka kisigino kuelekea vidole: kidole gumba kinainama. Mkwaruze mtu ambaye njia yake ya amri imeharibika: kidole gumba kinainuka. Kidole hicho kiliinuka Paris, na kinainuka Kalemie, kwa mtu mwenye maadui na kwa mtu anayependwa na avenue nzima. Anayetaka kumwombea mgonjwa wake amwombee. Sala haigombani na mazoezi. Kinachogombana na mazoezi ni miezi inayopotea tukimtafuta aliyeroga, huku msuli wa shavu ukifupika kila siku mpaka kisigino kikatae kabisa kugusa chini.

Pingamizi la pili linatoka kwa watu waliosoma, na kwa muda mrefu lilitawala hata kwenye vyuo vya kine: kwamba mguu uliokaza usitumikishwe, maana juhudi itauongezea ukakamavu. Watu wema waliamini hivyo, wakawatibu wagonjwa kwa kuwalegeza kwanza na kuwakataza kukaza nguvu. Lakini uchunguzi uliokusanywa tangu wakati huo umeonyesha kuwa kuimarisha misuli ya aliyepata AVC kunaongeza nguvu bila kuongeza ule mkazo. Umeonyesha pia kwamba kinachomzuia mtu kutembea mara nyingi ni udhaifu uliojificha nyuma ya ukakamavu, kuliko ukakamavu wenyewe. Ndiyo maana dawa za kulegeza misuli, ingawa zina nafasi yake mkononi mwa daktari, si mkato wa njia. Zinaweza kuleta usingizi na kuongeza unyonge. Tena kuna watu ambao ukakamavu wa goti ndio fimbo yao: ukiuondoa kabla ya kuwapa nguvu, goti linakunjika na mtu anaanguka. Usiibomoe nguzo mbovu kabla ya kusimamisha nzuri.

Pingamizi la tatu ndilo linalouma zaidi, kwa sababu linafanana na ukweli: mazoezi ni kwa wenye mashine, na mashine ziko mbali, kule wanakokwenda wenye tiketi ya ndege. Hapa nina ushahidi wa kuwapa moyo. Mwaka 2011, nchini Marekani, yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliowachukua watu 408 miezi miwili baada ya kiharusi. Baadhi walifundishwa kutembea juu ya mashine yenye mkanda unaozunguka, huku wamening'inizwa kwa mikanda inayowapunguzia uzito. Wengine walitembelewa nyumbani na mtaalamu wa kine, wakafanya mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara, bila mashine. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 52 ya watu wote walikuwa wamepanda ngazi katika uwezo wao wa kutembea, na mashine haikuwashinda waliofanyia mazoezi nyumbani. Kati ya wale waliokuwa wakitembea kwa shida kubwa zaidi mwanzoni, kuanguka mara kwa mara kulionekana zaidi kwa walioanzishwa mapema kwenye mashine. Kuna jambo jingine ndani ya uchunguzi huo: kundi moja la mashine lilianza miezi sita baada ya kiharusi, nalo likafika mahali palepale mwisho wa mwaka. Basi yule aliyeambiwa kwamba miezi sita ikipita mlango umefungwa, ameambiwa jambo lisilo sawa. Mlango unakuwa mzito, haufungwi.

Lakini msiondoke na nusu ya ukweli, maana nusu hiyo ingetupeleka pabaya. Mtu anaweza kusema: kama nyumbani kunatosha, basi familia ifanye, na hospitali ipumzike. Wazo hilo nalo limepimwa, tena katika nchi isiyo tajiri. Nchini India, katika hospitali 14, wagonjwa 1250 waligawanywa makundi mawili. Familia za kundi moja zilifundishwa kumfanyisha mgonjwa mazoezi nyumbani; kundi la pili liliendelea na huduma ya kawaida. Matokeo yalitoka mwaka 2017: baada ya miezi sita, waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 47 upande huu na asilimia 47 upande ule. Hakuna tofauti. Ukiziweka tafiti hizi mbili pamoja unaona panapotofautiana. Kule Marekani, waliobaki nyumbani walikuwa na mtaalamu aliyekuja mara 36, dakika 90 kila mara, akiongeza ugumu kadiri mtu alivyopata nguvu. Kule India kazi iliachiwa mikono ya ndugu. Ndugu ana upendo, ana subira, lakini hajui lini aongeze na lini apunguze, na akimwona mama yake anatoka jasho anamwambia pumzika. Ninachokidai ni kine inayovuka mlango wa hospitali na kuingia ndani ya lupango, na ndugu awe mkono wake wa pili siku ambazo mtaalamu hayupo.

Na haraka nayo ina mipaka yake. Tukisikia kwamba mguu unataka kazi, wapo watakaomwinua mgonjwa jioni ileile aliyoanguka, wamtembeze uani. Hilo nalo limepimwa, kwa watu 2104 katika nchi tano, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2015. Kati ya walioanza kuinuliwa mapema sana, ndani ya saa 24, kwa vipindi vingi na vizito, waliokuwa na hali njema miezi mitatu baadaye walikuwa asilimia 46. Kati ya wale wa huduma ya kawaida, asilimia 50. Ubongo uliojeruhiwa unahitaji utulivu wa mwanzo, presha ichunguzwe, daktari aseme sasa. Kutoka hapo ndipo kazi inapoanza, na haimalizwi kwa wiki mbili.

Kazi yenyewe ikoje? Ni ya kawaida kiasi kwamba watu huidharau. Kiti kizito cha mbao kinaegemezwa ukutani, si kile cha plastiki kinachoteleza. Mgonjwa anakaa, miguu yote miwili imekanyaga, kisigino cha upande mgonjwa kiko chini kabisa na kimerudishwa nyuma kidogo. Anainama mbele mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu, anainuka, anakaa. Anarudia. Kesho anaongeza mara mbili au tatu. Akishazoea anasimama akiwa ameshika dirisha na kuhamishia uzito kwenye mguu mgonjwa, polepole, kwa sababu mguu usiobebeshwa uzito haujifunzi kubeba. Anapotembea, fimbo inashikwa na mkono mzima, si upande uliopooza. Anayemsindikiza anasimama upande ulio dhaifu na kushika kitenge kilichofungwa imara kiunoni mwa mgonjwa. Hamvuti mkono uliolegea, maana bega la mkono huo hutoka mahali pake kwa urahisi na maumivu yake ni ya muda mrefu. Kandambili zinawekwa kando, anavaa kiatu chenye mkanda nyuma. Maji yaliyomwagika mlangoni yanafutwa kabla hajainuka. Kusugua kwa mafuta hakukatazwi, kunamfariji mgonjwa. Lakini anayesuguliwa saa nzima na kuinuka mara mbili amefanyiwa kazi, yeye mwenyewe hajafanya. Ubongo hujenga njia mpya kwa yale ambayo mtu anajaribu mwenyewe, mara nyingi, akikosea na kurekebisha.

Nasikia pingamizi la mwisho, la wakubwa wanaogawa bajeti: mkoa huu una kipindupindu, una malaria, una waliokimbia vita, na mwaka 2024 ziwa lilipanda likaingia majumbani, nani ana fedha za kufundisha wazee kutembea? Najibu kwanza kwamba si wazee peke yao, na si ugonjwa wa wachache. Ng'ambo ya ziwa letu, nchini Tanzania, kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti walihesabu viharusi vipya katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na katika sehemu ya jiji la Dar es Salaam. Baada ya kurekebisha kwa umri, Hai ilikuwa na takribani viharusi 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam takribani 316. Mjini kulizidi kijijini karibu mara tatu. Kalemie nayo ni mji, na unazidi kujaa. Najibu pili kwamba mtu mmoja asiyetembea anawakalisha wawili, yeye na anayemwogesha, na anayemwogesha mara nyingi ni binti aliyepaswa kuwa shuleni au mama aliyepaswa kuwa sokoni akiuza ndagala. Tatu, ninachoomba si jengo. Tayari tuna RECO, wahudumu wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba kuhesabu watoto wa chanjo. Mtaalamu mmoja wa kine akiwafundisha kutambua mguu unaofupika, bega linalotoka, na presha iliyoachwa bila dawa, na yeye mwenyewe akipita mara kwa mara kuongeza ugumu wa mazoezi, tumeanza. Gharama yake kubwa ni kumwona mgonjwa wa AVC kama mtu aliye katikati ya matibabu, wakati sisi tumezoea kumwona kama mtu ambaye matibabu yake yalikwisha alipopewa karatasi ya kutoka.

Kwa hiyo, wasikilizaji, siku mtakapokabidhiwa karatasi hiyo, kabla hamjamwita mwenye pikipiki au gari, mwulizeni daktari maswali matatu. Nani atatufundisha kumwinua? Mara ngapi kwa siku? Na nani atakuja kuangalia kama tunakosea? Akiwajibu swali la kwanza na la pili, mkaondoka bila jibu la tatu, rudini mlangoni mmwulize tena. Maana nyumbani mtaukuta mguu ambao unasikia kila kitu na kujibu kila kitu. Unamngoja mtu wa kuufundisha tena lini ujibu na lini unyamaze.